Kabla Hujanunua Pikapu Iliyotumika

Mavuno yakiisha na fedha zikaonekana nyumbani, mashauri huwa mengi. Huyu ataka kuezeka bati, yule ataka kutoa mahari ya kijana wake, na mwingine asema: "Mwaka huu tununue pikapu. Tumechoka kuwabembeleza wenye magari."

Shauri hilo si baya. Mkulima mwenye gari lake hangoji mahindi yanyeshewe kando ya barabara, wala hauzi kwa bei ya kutupa kwa sababu mchuuzi ndiye mwenye lori. Mgonjwa akizidiwa usiku, gari ni msaada. Siku ya sikukuu ya somo wa parokia, gari hubeba viti, sufuria na ngoma.

Lakini gari hilo hilo laweza kumaliza ng'ombe, shamba na ada ya watoto katika mwaka mmoja. Kwa hiyo leo tuzungumze pole pole, nanyi mume na mke msikilize pamoja, juu ya namna ya kununua pikapu iliyotumika bila kuuza amani ya nyumba.

HESABU INATANGULIA

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo sharti akae kwanza ahesabu gharama, asije akaweka msingi, akashindwa kumaliza, na watu wakamcheka. Pikapu nayo ni mnara. Bei ya kununulia ni msingi tu.

Basi chukua kalamu na daftari. Tuseme wewe wavuna gunia 80 za mahindi, na kila gunia lina kilo 100. Jumla yake ni tani 8. Pikapu nyingi tuzionazo vijijini, kama vile Toyota Hilux, hubeba kiasi cha tani moja, na ndani ya tani hiyo wamo dereva na utingo wake. Kwa hiyo usihesabu gunia 10 kwa safari moja, hesabu 8. Utakwenda safari 10.

Tuseme tena kwamba soko liko kilomita 60 kutoka kwako. Kwenda na kurudi ni kilomita 120, na safari 10 ni kilomita 1,200. Kama gari linakwenda kilomita 8 kwa lita moja ya dizeli, utahitaji lita 150. Bei ya juu ya mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, siku ya Jumatano ya kwanza. Zidisha mwenyewe, uandike.

Usiishie hapo. Chini yake andika oili na filta, tairi 4 pamoja na la akiba, betri, bima, posho ya dereva, springi zitakazokatika, na ujira wa fundi. Kila kitu ukiandike kwa bei uliyoiuliza dukani, siyo kwa bei ya kukisia. Ukimaliza, upande wa pili wa karatasi andika fedha ambazo ungelipa kama ungekodi gari la mtu kwa safari zile zile 10. Linganisha pande mbili.

Huenda utaona kwamba kukodi ni nafuu. Usione haya. Mwenye safari 10 kwa mwaka gari lake litakaa siku nyingi chini ya mwembe, na gari likikaa halipumziki kama jembe. Betri hufa, tairi hupasuka kwa jua, bima huisha muda wake. Gari ni kama ng'ombe wa maziwa: hula hata siku asiyokamuliwa.

Pengine wewe peke yako huwezi, lakini majirani watano mwaweza. Watano wenye gunia 80 kila mmoja wana gunia 400, yaani safari 50. Hapo gari lina kazi. Lakini ushirika wa gari wataka maandishi kabla ya fedha kutoka mfukoni. Andikeni nani anaendesha, nani anashika fedha, gari likivunjika mnachangaje, na mwenzenu akitaka kujitoa atalipwa nini. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena, usitumie fedha zote kununua. Kama una shilingi 4, tafuta gari la shilingi 3. Ile moja iliyobaki fundi ataidai kabla ya Noeli.

SHAURI LA MKE NA MUME

Hapa nataka kusema waziwazi. Wako wanaume wanaouza ng'ombe asubuhi na kurudi jioni wakiendesha gari, na mama wa watoto apata habari kwa honi. Huko siyo kutunza nyumba. Fedha ya mavuno imetoka katika mikono miwili iliyoshika jembe, basi na ishauriwe na vinywa viwili.

Sheria yenyewe yalinda jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mtu asije akakushawishi uweke nyumba rehani kwa siri upate mkopo wa gari. Kama mmekubaliana kukopa katika SACCOS au benki, ulizeni mambo matatu: jumla mtakayorudisha mpaka mwisho, tarehe za kulipa, na kitakachochukuliwa mkishindwa. Ikiwa kitakachochukuliwa ni shamba linalowalisha, rudini nyumbani mkafikiri tena.

GARI LIPI LAFAA?

Gari lifaalo ni lile ambalo fundi wa mji wenu amezoea kulifungua, na spea zake zapatikana madukani bila kuagiza. Kwetu hayo kwa kawaida ni Toyota Hilux, iliyoanza kuundwa mwaka 1968, na Toyota Land Cruiser ya bodi wazi. Hilux za zamani za dizeli zina injini za lita 2.4, 2.8 au 3.0, ambazo mafundi huziita 2L, 3L na 5L. Land Cruiser nyingi zina injini ya silinda 6 ya lita 4.2, iitwayo 1HZ. Hiyo ni imara katika matope na milima, lakini ni nzito na hunywa mafuta zaidi. Kama njia yenu ni ya changarawe na mizigo yenu ni ya tani moja, usinunue nguvu usizozihitaji.

Vijana hupenda picha za pikapu kubwa za Marekani, kama Ford F-150. Ni magari mazuri kwao. Lakini yameundwa na usukani upande wa kushoto, nasi twaendesha kushoto mwa barabara. Ni mapana ya mita 2 hivi, na spea zake hazipatikani katika maduka ya wilayani. Yaache huko huko kwenye picha.

Magari mengi yaliyotumika hutoka Japani, ambako nao huendesha kushoto kama sisi. Ukiagiza gari kutoka huko, kumbuka kwamba bei uionayo kwenye simu siyo ya mwisho. Likifika Dar es Salaam liko ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani, gharama za bandari na za usajili; na gari kuukuu laweza kutozwa zaidi kwa sababu ya umri wake. Muulize wakala wa forodha hesabu nzima kabla hujatuma hata senti.

KULITAZAMA GARI

Nenda asubuhi, jua likiwa limetoka. Usinunue gari usiku, wala mvua ikinyesha, maana maji huficha rangi mbovu. Fuatana na fundi wako mwenyewe, nawe ndiye umlipe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ana bwana mwingine. Kisha fuata mambo haya:

1. Fremu. Pikapu hukalia fremu kama nyumba ikaliavyo msingi. Tandika gunia, ulale chini, utazame kwa tochi. Tafuta kutu iliyokula chuma, ufa, na mahali palipochomelewa. Rangi mpya chini ya gari ni jambo la kuulizia.

2. Injini ikiwa baridi. Weka mkono juu ya boneti kabla hawajaliwasha. Ukikuta ni ya moto, uliza kwa nini wameipasha. Labda haiwaki kwa urahisi asubuhi. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe mzito kama uji, huenda maji yamechanganyika na oili, na gasketi ya silinda hedi imekwisha. Rejeta nayo uifungue ikiwa baridi tu. Ikiwa ya moto itakuunguza uso.

3. Moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inaunguza oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto waweza kuwa maji yanayoingia ndani. Moshi mweusi mwingi katika dizeli waonyesha filta chafu, au nozeli zilizochoka. Hili la mwisho ni jepesi kuliko yale mawili.

4. Mkanda wa taimingi. Injini za 2L, 3L na 5L zina mkanda wa mpira unaoendesha valvu. Kwa desturi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, valvu hugongwa na pistoni, na injini huharibika. Kama muuzaji hana karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, ongeza bei ya mkanda mpya katika hesabu yako.

5. Tairi. Pembeni mwa kila tairi utaona tarakimu 4 za mwisho zilizozungushiwa alama. Zikiwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno marefu na bado likawa zee. Tazama na la akiba.

6. Mwendo. Usiridhike kusikiliza injini ikinguruma mahali pamoja. Liendeshwe kwenye mlima, kwenye shimo, na kwenye mteremko. Breki zisivute upande mmoja. Gia zisichomoke. Usukani usitetemeke. Kama ni gari la kuvuta magurudumu yote manne, livute mbele yako.

7. Kilomita. Kibao cha kilomita chaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye hila. Tazama kanyagio cha breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Gari linalosema limekwenda kilomita 60,000, na mpira wa kanyagio umelika hadi chuma, linajipinga lenyewe.

Fundi akikuambia kwamba gari ni bovu, mshukuru, mlipe, urudi nyumbani. Nauli uliyopoteza siku hiyo ni ndogo kuliko zote utakazoziepuka.

KARATASI

Mimi ni karani wa parokia, na watu huniletea mapatano yao niwaandikie. Ndiyo maana nimeona kwamba wengi huumizwa na karatasi kuliko na injini.

Mzee mmoja alinijia akiwa amekwisha kulipa. Alikuwa ameuza ng'ombe 6 na kuongeza fedha ya ada. Muuzaji alimpa pikapu na ufunguo, akasema kadi iko kwa ndugu yake mjini, naye ataituma. Mzee alitaka nimwandikie barua ya kukumbusha. Tuliandika ya kwanza, tukaandika ya pili. Mwezi wa tatu walikuja watu wenye kadi halisi mkononi. Gari lilikuwa dhamana ya mkopo ambao muuzaji hakuulipa. Walilichukua, na muuzaji alikuwa amekwisha hama. Binti wa mzee yule, aliyekuwa shule ya bweni, alikaa nyumbani muhula mzima, kisha akahamishiwa shule ya kutwa. Injini ya gari lile ilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo shika sana maneno haya. Pasipo kadi halisi ya gari, hakuna biashara. Nakala siyo kadi. Jina lililo katika kadi liwe sawa na jina lililo katika kitambulisho cha taifa cha muuzaji. Kama anauza kwa niaba ya mwingine, aonyeshe hati ya idhini, nawe uzungumze na mwenyewe. Kama mwenye jina amefariki, taka kuona karatasi za mahakama za msimamizi wa mirathi, usije ukanunua ugomvi wa yatima.

Soma namba ya chasisi katika kadi, kisha uitafute kwenye fremu yenyewe, mara nyingi upande wa mbele kulia karibu na gurudumu. Herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini vile vile. Namba iliyokwanguliwa au kupigwa upya ni kazi ya polisi, wewe ondoka.

Kisha nenda ofisi ya TRA uhakikishe kwamba gari limesajiliwa kwa jina hilo. Ulizia polisi wa usalama barabarani kama lina faini zisizolipwa. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, ikahamishiwa katika bei ya mafuta. Mtu asikudai fedha ya leseni ya mwaka huu.

Mapatano yaandikwe mbele ya wakili, pamoja na mashahidi wa pande mbili. Yataje namba za gari, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, na kila kasoro iliyojulikana. Fedha zipite benki, maana benki huacha alama. Fedha ya mkononi haina shahidi. Halafu usilale: peleka karatasi TRA mara moja ili kadi iandikwe jina lako. Kadi ikibaki na jina la zamani, yule wa zamani ndiye mwenye gari machoni pa serikali.

KWA WEWE UNAYEUZA

Labda msomaji wangu wa leo si mnunuzi, ni muuzaji. Kwako neno ni fupi. Amri ya Saba yakataza wizi, na Amri ya Nane yakataza uongo. Anayeficha ufa wa fremu kwa rangi amevunja zote mbili kwa siku moja. Nawe wakumbuka tulivyofundishwa katika katekisimu: mali ya hila hutakiwa irudishwe kwa mwenyewe, haitoshi kuungama tu. Sema kasoro, upunguze bei, upokee fedha yako kwa moyo mweupe. Mkristo haoni haya kuuza gari bovu kama bovu.

GARI LIKIFIKA NYUMBANI

Kata bima kabla halijabeba gunia la kwanza. Bima ndogo, ile ya kulinda watu wengine utakaowadhuru, ni lazima kwa sheria. Bima kubwa hulinda na gari lako. Kama utabeba mizigo ya watu kwa malipo, ulizia kibali LATRA, iliyoshika nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Dereva awe na leseni ya daraja linalopasa, hata akiwa mwanao.

Usijaze kupita kiasi. Lumbesa imekatazwa katika vipimo vya mazao, na katika gari ni hatari zaidi. Springi hukatika, breki hushindwa kwenye mteremko. Na juu ya mzigo usipandishe watu. Najua ni vigumu kumkatalia jirani anayekwenda mnadani au wanakwaya wanaokwenda parokia nyingine. Lakini pikapu haina kiti wala mkanda huko nyuma, na ikipinduka hao ndio wa kwanza kutupwa chini. Ni afadhali jirani akununie leo kuliko kumchimbia kaburi kesho.

Weka daftari ndani ya gari. Kila safari iandikwe: tarehe, mzigo, kilomita, lita za mafuta, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Kila mwisho wa mwezi lisomwe mezani, mke na mume pamoja, au wanachama wote pamoja. Miezi 3 ikipita na gari likitoa kuliko linavyoingiza, liuzeni lingali na thamani.

Kisha, ukipenda, mpelekee padre alibariki, maana ndivyo Wakristo wafanyavyo kwa vyombo vyao vya kazi, na Mtakatifu Kristofa huombwa na wasafiri tangu zamani. Lakini kamwone fundi wa breki kabla ya kwenda kwa padre. Mungu akujalie safari njema.